Mtoto Mgeni Stendi: Mfikie Kabla Gundi Haijamfikia

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitoka usiku na wenzangu wa kikundi cha kujitolea hapa Arusha, kuanzia stendi hadi soko la Kilombero, kuwatembelea watoto wanaolala nje. Watu huniuliza tufanye nini ili watoto hawa waache kuvuta gundi ya viatu. Mimi huwaomba kwanza wamtafute yule ambaye bado hajaigusa. Yupo, na ukishajua dalili zake humkosi.

Mtoto mgeni stendi amevaa sweta la shule na viatu vyake bado vina kamba. Anajibanza karibu na mama lishe au mlangoni pa ofisi ya tiketi, mahali penye taa, na hachangamani na wenzake. Ameshuka na basi la Singida, Kondoa au Babati, akikimbia kipigo, njaa, au nyumba ambayo mama ameolewa na baba wa kambo hamtaki. Siku chache zikipita, viatu vimechukuliwa na wakubwa, sweta halipo, na keshapata kundi la kulala nalo, kwa sababu kulala peke yake nje ni hatari zaidi. Kundi hilo ndilo linalompa chupa ya gundi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku mnaijua. Mtoto aliyelala juu ya boksi bila kula, akivuta gundi, baridi haisikii, njaa haisikii, na woga unapungua. Kumhubiria kwamba gundi ni mbaya hakumsaidii, anajua. Chalii mmoja aliniuliza, "Mama, nikiiacha leo, usiku huu nitalalaje?" Mpango wowote usiojibu swali hilo, mimi siuamini.

Kwa hiyo ukimwona mgeni, usianze na "kwa nini umetoroka kwenu?" Muulize kama amekula, kisha kaa naye akila. Jina atakalokutajia siku ya kwanza huenda si lake, usibishane naye. La muhimu ni kwamba giza lisimkute pale. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au mfikishe kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Usimpeleke kimyakimya nyumbani kwako, hata kwa nia njema. Wapo walezi wa kuaminika wanaotambuliwa na ustawi wa jamii kwa ajili ya watoto kama huyu. Na mtu asikwambie una kimbelembele: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo.

Pesa mkononi usimpe. Wakubwa watamnyang'anya au itaishia kwenye chupa. Makande ya moto yanatosha, na dakika kumi za mazungumzo.

Sasa kuhusu aliyekwisha kuanza. Utamwona na chupa ndogo ya maji, gundi ya njano imeganda chini, ameificha ndani ya mkono wa shati au ameing'ata kwa meno ili mikono ibaki huru kuokota chuma chakavu. Ana vidonda vidonda kuzunguka mdomo na pua, na anaongea kwa kuvuta maneno. Gundi ya viatu ina kemikali iitwayo toluini. Ikivutwa kwa muda mrefu inaharibu ubongo, figo na usikivu. Lakini kuna hatari nyingine ambayo mgambo na wenye maduka wengi hawaifahamu, nami naomba mtu yeyote mwenye mamlaka sokoni aisome mara mbili: mtoto aliyetoka kuvuta gundi asikurupushwe wala asikimbizwe. Mapigo ya moyo wake yanaweza kuvurugika akafa palepale, hata kama ndiyo mara yake ya kwanza kuvuta. Ongea naye taratibu, mtoe mahali pasipo na hewa, mkalishe. Akizimia mlaze kwa ubavu, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Kuongea na mafundi viatu pia kunalipa kuliko watu wanavyodhani. Gundi ni bidhaa halali ya kazi yao, na wapo wanaowamiminia watoto kidogo kidogo kwa mia mbili mia tatu. Ukienda na matusi wanakuwa wagumu. Fundi mmoja tuliyekaa naye kwa utaratibu aliacha kuwauzia, na siku hizi yeye ndiye anayetupigia simu akiona sura mpya.

Vijana wa miaka kumi na tano na kuendelea ni habari nyingine. Hawataki kuitwa watoto, nyumbani wameshapasahau, na wakubwa wao wanawatuma kubeba bangi na pakiti ambazo hawajui zina nini. Hawa ukiwapa chakula tu umewachelewesha. Watafutie gereji, useremala, chuo cha ufundi cha VETA, kazi inayolipa wiki hii hii, na fundi mvumilivu wa kuwasimamia, kwa maana wiki za mwanzo bila gundi kijana halali, kichwa kinamuuma na anagombana na kila mtu. Kwa watumiaji wa heroini kuna methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Kwa gundi hakuna dawa mbadala ya namna hiyo. Kinachombeba ni watu.

Wasichana hamtawaona barazani. Wengi walikuwa wafanyakazi wa ndani waliokimbia mateso, na wanaume wanawapa pombe na mahali pa kulala kwa masharti tunayoyajua. Hao wafuatwe na wanawake wenzao, mchana, saluni na kwa mama lishe.

Na anapokubali kurudi kwao, asipandishwe basi peke yake. Mtu aende naye, aione nyumba, ajue nani alikuwa anampiga, na kama huyo bado yupo atafutwe bibi au shangazi. Shule aliyoiacha, kama umri umempita, kuna madarasa ya MEMKWA, yaani elimu ya msingi kwa walioikosa. Akitoroka tena akarudi stendi, mpokeeni kama mlivyompokea siku ya kwanza, na safari ijayo muulizeni yeye mwenyewe angependa kukaa na nani.