Ufito wa kujengea fimbo ya sulisuli
Ndugu, umeuliza kama ufito mtupu wa namba 9 (namba ni kipimo cha uzito wa mshipi unaoufaa), usiofungwa pete bado, unatosha kujengea fimbo ya chambo cha manyoya kwa sulisuli wa Watamu. Hautoshi, utakuvunjikia. Chukua namba 12, hata 14, wa nyuzi za kaboni. Usivutwe na wepesi wake dukani. Kagua nguvu ya shina, ile sehemu nene ya chini karibu na mkono, maana sulisuli akizama chini ya mashua, shina ndilo linalomwinua. Ncha haikusaidii kitu. Huo wa namba 9 uweke kwa kolekole wadogo wa mwambani, nao utakufurahisha sana. Pete ziwe za chuma kisichoshika kutu, tena pana, fundo la mshipi lipite bila kukwama.