Makuti au bati kwa kituo cha tafakuri Mikindani?

SWALI: Msanifu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Pamoja na wenzangu wawili tuna ekari tatu kwenye mwinuko unaotazama Ghuba ya Mikindani, mkoani Mtwara, na tunataka kujenga mahali padogo pa tafakuri: vibanda sita na ukumbi mmoja wa watu kumi na wawili, bila kukata minazi wala mibuyu iliyopo. Fundi anashauri tuezeke bati majengo yote kwa kuwa makuti yanaoza, ilhali wenzangu wanataka makuti kila mahali. Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi. Tumsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, shikamoo, na asante kwa kulieleza jambo lenu kwa ukamilifu. Fundi ana hoja, na wenzako wana hoja, lakini pande zote mbili zinalichukulia paa kuwa ni kifuniko cha kuzuia jua na mvua tu, wakati kwa kiwanja chenye kisima cha chumvi, na kwa kazi ya utulivu mnayoikusudia, paa ndilo litakaloamua mtakunywa nini na mtasikia nini. Ushauri wangu ni kwamba ukumbi na vibanda vya kulala viezekwe makuti, na jiko, stoo, mabafu na baraza la kulia chakula viwekwe pamoja chini ya paa moja kubwa la bati.

Nianze na sauti. Kusini kwetu mvua ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, na ikinyesha hunyesha kwa kishindo. Nimewahi kuhudhuria mafungo katika ukumbi ulioezekwa bati tupu, bila dari, mwezi wa Februari. Mvua ilipoanza, mwongozaji aliendelea kusema kwa dakika mbili tatu huku tukiona midomo yake ikicheza tu, kisha akanyamaza, nasi tuliokuwa tumefumba macho tukayafumbua na kubaki tunayatazama mabati hadi ilipokatika. Chini ya makuti mvua ile ile husikika kama upepo kwenye minazi. Joto nalo ni hivyo hivyo: bati la saa nane mchana hulishusha joto lake vichwani mwa walioketi chini yake, makuti hayafanyi hivyo.

Hata hivyo, makuti hayafai kuvunia maji. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye makuti huwa na rangi ya chai na harufu ya majani yaliyooza, na hakuna chujio la kawaida litakaloyafanya yapendeze mezani. Hapo ndipo bati la fundi wako linapohitajika. Tuseme paa la jiko na baraza lina mita za mraba 150. Tukikadiria mvua ya milimita 900 kwa mwaka, na tukiondoa humusi, yaani moja ya tano, kwa kumwagika na kukauka, paa hilo litawapa kiasi cha lita 108,000. Watu kumi wakitumia lita 25 kila mmoja kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga kwa uangalifu, siku 180 za kiangazi zitahitaji lita 45,000. Maji yapo, kinachotakiwa ni mahali pa kuyaweka. Matangi ya plastiki ya kutosha yatagharimu sana na yatajaza kiwanja, kwa hiyo ningejenga birika la mawe la mviringo, nusu yake ndani ya ardhi, lenye kipenyo cha mita 5 na kina cha mita 2.6, lililopigwa lipu vizuri kwa ndani na kufunikwa kabisa ili mwanga na mbu wasiingie.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ni jambo ambalo vitabu vya ujenzi vilivyoandikwa mbali na kwetu havilitaji. Kiangazi ndicho kipindi ambacho wakulima wa korosho hupuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, na vumbi lake husafiri na upepo na kutua kwenye mabati. Mvua ya kwanza ya Novemba huliosha vumbi hilo lote, pamoja na kinyesi cha ndege cha miezi sita, moja kwa moja hadi kwenye gata. Kwa kawaida tunashauri kumwaga lita moja ya mwanzo kwa kila mita ya mraba ya paa, lakini kwenu, penye mikorosho jirani, ningemwaga mvua mbili za kwanza zote, kisha ningepanda kulifagia paa kwa ufagio wa chelewa kabla ya kuufungua mfereji wa birika.

Kuhusu kuoza, makuti mengi huoza kabla ya wakati kwa sababu paa limelala. Mwelezeni fundi kwamba kwa kila mita moja ya kwenda mbele, kombamoyo, yaani boriti la mteremko wa paa, lipande mita moja, yaani nyuzi 45, na mtumie makuti ya viungo, yale yaliyoshonwa kwenye fito, yaliyopangwa kwa kubanana. Yakiachwa mbalimbali ili kuokoa fedha, mtaezeka upya baada ya misimu michache. Moto ni hatari ya kweli, kwa hiyo jiko likae mbali na makuti, upande ambao upepo wa kusi hautapeleka cheche vibandani. Vilevile, kila nguzo, mwamba na kombamoyo vifungwe kwa waya au mikanda ya chuma hadi kwenye msingi. Kimbunga kiliipiga Lindi mwaka 1952, na Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kusini mwa Mtwara na kuishukia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji.

Ukumbi ulale mashariki kwa magharibi. Hapa tulipo, nyuzi kumi kusini mwa ikweta, jua la asubuhi na la alasiri ndilo linaloingia ndani na kuchoma, kwa hiyo kuta fupi za pande hizo ziwe nzima, na pande ndefu za kaskazini na kusini ziwe na nafasi pana ili kusi na kaskazi, kila mmoja kwa msimu wake, upite ukumbini. Sakafu iinuliwe kama sentimita 50, itandikwe mikeka ya ukindu. Kwa nguzo tumieni miti ya kupandwa, mtiki au mvinje, na mwiache mikoko ya ghuba ilipo. Kama sehemu ya kiwanja inashuka hadi ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Choo kisiwe cha shimo refu. Ardhi yenye mawe ya matumbawe ina nyufa, na kinachoingia shimoni leo kinaweza kuonekana kisimani kabla hakijasafishwa na udongo. Jengeni choo kikavu chenye vyumba viwili na kutenganisha mkojo, majivu yawekwe kila baada ya kutumia, na chumba kilichojaa kifungwe mwaka mzima kabla ya kupeleka mbolea kwenye minazi.

Mmeniuliza kuhusu paa tu, lakini niongeze kuhusu majirani. Adhana ya alfajiri na ngoma za unyago zitafika kwenye ukumbi wenu, na nisingetumia hata shilingi kujaribu kuzizuia, kwa kuwa wageni wenu watakuja Mikindani, si mahali pasipo na watu. Jengo la jiko na birika likikaa kati ya barabara na ukumbi, mlio wa bodaboda utapungua vya kutosha.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya awali, pimeni kisima chenu wakati wa bamvu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, mara moja maji yakiwa yamejaa na mara moja yakiwa yamekupwa: teremsheni kamba yenye jiwe, andikeni kina, na muonje chumvi kila mara. Kina kikipanda na kushuka pamoja na bahari, maji hayo yatumieni kusafishia sakafu tu, wala msiyachanganyie saruji ya birika. Nileteeni vipimo hivyo pamoja na mchoro wa mahali kila mbuyu ulipo, nami nitawachorea mpangilio wa majengo.