Dorotea na Theodora: ni majina mawili kweli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimejifungua binti mwezi uliopita. Mama mkwe, Dorotea, anataka mjukuu arithi jina lake. Mume wangu kang'ang'ania Theodora, eti Dorotea ni jina la kizee. Mama mkwe kanuna, hata uji wa mzazi haupiki tena. Majina haya yana maana gani?
Mama Kichanga, Songea

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mumeo kampa mtoto jina la mama yake bila kujua.

Kigiriki kina doron, zawadi, na theos, Mungu. Tanguliza zawadi, unapata Dorotea. Tanguliza Mungu, unapata Theodora. Vipande viwili vya doti moja. Mgiriki wa leo akinunua zawadi dukani bado huiita doro, ila hiyo d yake ni dh ya dhahabu.

Wenye majina hayo ndio hawafanani. Theodora, mke wa Kaisari Justinian wa Konstantinopoli, alikuwa binti wa mtunza dubu na mwigizaji wa jukwaani. Mwaka 532 mji ulipowaka ghasia, wakubwa wakafikiria kukimbia kwa mashua, yeye akakataa.

Mimi nampenda zaidi Dorotea wa Kaisaria ya Kapadokia, Uturuki ya leo. Wanasimulia kwamba akipelekwa kuuawa, mwanasheria Theofilo alimdhihaki: niletee basi matunda na maua ya huko peponi kwa bwana harusi wako, yaani Kristo. Ilikuwa majira ya baridi, miti mitupu. Akatokea mtoto na kikapu: matofaa matatu, mawaridi matatu. Ndiyo maana wachoraji humpa kikapu mkononi. Sikukuu yake ni 6 Februari. Mama mkwe analijua hilo, muulize.

Mpelekee habari hii mwenyewe, usimtume mumeo. Na nyumbani mwiteni mtoto Dora, bibi asikie la kwake na baba asikie la kwake.

Jambo moja tu. Nilipokuwa karani wa parokia niliwahi kuandika Theodola kwenye cheti cha ubatizo, na binti wa watu akaja kuhangaika siku za kufunga ndoa. Wengine hupokea Teodora, wengine Seodora. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mkabidhi karani, kisha simama hapo hapo mpaka amalize.