Gari imetembea sana, oili gani inaifaa? Maswali yenu na majibu

Gari nyingi tunazoendesha zilishatembea vya kutosha huko Japani kabla hata hazijapakiwa melini, halafu zikaja kukutana na vumbi na foleni zetu, kwa hiyo siyo ajabu maswali ya safari hii karibu yote yanahusu oili ya injini iliyopita kilomita laki mbili. Twende nayo.

Nina IST ya 2003, cc 1500, imeshapita laki mbili. Fundi anasema 5W-30 ni ya gari mpya, injini yangu imechoka niweke 20W-50. Nimsikilize? (Kigamboni)

Kaka usikimbilie huko. Muulize fundi imechoka kivipi? Inakula oili? Inatoa moshi? Taa ya oili inawaka ukiwa silensa injini ikishapata moto? Kama yote hayo hakuna basi hiyo injini haijachoka, ina kilomita nyingi tu, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwenye jina la oili, namba ya kwanza yenye W inahusu oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi, ya pili inahusu uzito wake ikishafika nyuzi 100. Watu wanasema Dar hakuna baridi kwa hiyo W haituhusu, lakini inatuhusu sana, maana kwa injini hata asubuhi ya nyuzi 25 ni baridi, na kwenye joto hilo 20W-50 inaweza kuwa nzito mara mbili na nusu ya 5W-30 au zaidi. Sasa ukipiga stata pampu inabidi ivute kitu kizito hivyo kutoka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikipandishe mpaka kwenye kemshafti (shafti ya juu inayofungua valvu), na hizo sekunde za kusubiri ndizo chuma kinasagana na chuma. Halafu injini yako ni 1NZ yenye VVT-i, yaani mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, nao unageuza pembe ya kemshafti kwa presha ya oili yenyewe, inayopita kwenye valvu yenye chujio la wavu mwembamba. Imetengenezwa kwa oili nyepesi.

Baki na 5W-30. Ukiona kwenye stiki ya kupimia oili inaanza kupungua panda hatua moja, weka 10W-40, uangalie tena. 20W-50 iachie injini za zamani ambazo kitabu chake kinairuhusu, au injini ambayo beringi zimeshalika kweli na mwenyewe unatafuta hela ya ovahoo.

Premio yangu ya 2003 injini 1ZZ inamaliza karibu lita moja ya oili kila kilomita 1,000 lakini sioni moshi wala haivuji chini. Niweke oili gani iache? (Dodoma)

Dada pole, hii nataka tuikalie maana injini nyingi zinakufa hapa. 1ZZ za miaka ile ya mwanzo zinajulikana kwa tabia hii, vile vitundu vya kwenye pistoni vinavyorudisha oili chini vilikuwa vidogo, vinaziba kwa masizi, ringi ya oili inaganda, oili inabaki kwenye ukuta wa silinda na kuungua kidogo kidogo. Moshi huuoni kwa sababu inaungua kwa kiasi kidogo na katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) inasaidia kuuficha, japo taratibu katalisti nayo inaharibika.

Kabla ya kuhukumu ringi anza na vitu rahisi. Kuna valvu ya PCV juu ya injini, inayotoa mvuke wa ndani ya injini, ni ya bei ndogo, ikiganda inaongeza ulaji wa oili, ibadilishe. Kisha mwombe mtu asimame nyuma ya gari asubuhi unapowasha: moshi wa bluu unaotoka mara moja halafu unaisha mara nyingi ni vali sili (mipira inayozuia oili kwenye valvu) zimekauka, ila ukitoka ukiwa unakanyaga mafuta kupanda mlima hapo ringi zinahusika. Mweusi ni petroli kuzidi, hauhusiani na oili. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia, angalia gasketi ya silinda hedi.

Kuhusu oili yenyewe, weka 10W-40, ikiwezekana ile iliyoandikwa ni ya gari za kilomita nyingi, inaweza kupunguza ulaji. Kuponya haiponyi. Kinachoua hizi injini ni hesabu: inabeba oili lita 3.7 hadi 4 hivi, kibandiko cha gereji kinasema rudi baada ya kilomita 5,000, na yako inakula lita kila elfu moja. Ukisubiri kibandiko bila kuongeza utakuwa umeendesha kavu. Kwa hiyo dada yangu chomoa stiki kila wiki, gari ikiwa sehemu tambarare, umezima kama dakika tano, futa, rudisha, chomoa tena usome. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye gari nyingi ndogo ni kama lita moja au moja na kitu. Ongeza kidogo kidogo na usipite alama ya juu, oili ikizidi krenki inaichapa inatoa povu na povu halilainishi chochote.

Hiace dizeli injini 5L, inapiga ruti mjini. Nikimwaga oili na kuweka mpya, siku mbili tu imeshakuwa nyeusi tii, ni feki? (Mwanza)

Siyo lazima iwe feki bosi. Dizeli ya zamani inatengeneza masizi mengi na kazi ya oili ni kuyabeba yasigande ndani, kwa hiyo oili iliyokuwa nyeusi haraka inaonyesha inafanya kazi. Wewe angalia herufi. Kwenye dumu kuna alama za API (taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili), zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Chukua 15W-40 yenye CI-4, ina nguvu ya kutosha ya kubeba masizi na ipo madukani kwingi. Na wewe wa daladala usihesabu kilomita peke yake, gari inasimama kituoni inaunguruma masaa na kilomita za dashibodi hazisogei, kwa hiyo kama kitabu kinasema 5,000 wewe mwaga mapema, 4,000 au chini.

Ni kweli ukiweka oili ya sintetiki (ya kutengenezwa kwa kemikali) kwenye gari ya zamani inaanza kuvuja? (Arusha)

Hayo ni maneno ya sintetiki za miaka ya sabini huko, nyingine zilikuwa zinasumbua sili. Za sasa hazina shida hiyo. Kinachotokea ni kwamba sili ilishakauka na kukakamaa zamani, uchafu mgumu ndio ulikuwa umeziba, oili nzuri inasafisha ule uchafu na uvujaji uliokuwepo unaonekana. Za gari zilizotembea, zile zinazoandikwa kwa ajili ya kilomita zaidi ya 120,000, zinaongezwa dawa ya kulainisha mipira ya sili, uvujaji mdogo wa jasho jasho unaweza kupungua, ila sili iliyochanika haitarudi.

Na mimi kwa moyo wangu wote nasema bora oili ya minerali ya kawaida inayomwagwa kwa wakati pamoja na filta, kuliko sintetiki ya bei mbaya ambayo mtu anaivuta mpaka kilomita 15,000 kwa sababu kaambiwa inadumu.

Nimeishiwa oili njiani, dukani hawana aina yangu. Naweza kuchanganya? (Singida)

Unaweza. Oili za injini zenye alama ya API zinatakiwa zichanganyike bila kudhuriana, na injini yenye oili mchanganyiko ni salama kuliko injini isiyo na oili. Tafuta uzito unaokaribiana, ufike, ukipata nafasi mwaga yote.

Nimenunua Noah mkononi, historia siijui, ndani ya kifuniko cha oili kuna tope jeusi. Fundi anataka kumimina dizeli tuoshe injini kwanza. (Kahama)

Tafadhali mzuie. Shikamoo kwa mafundi wetu, wanatuokoa kila siku, lakini hili la dizeli na mafuta ya taa limeua injini nyingi ambazo zingeishi. Lile tope likibanduka kwa mkupuo linashuka kwenye sampu, linaziba kile kichujio kinachofyonza oili, pampu inakosa cha kuvuta, na beringi zinakufa huku unajiona umesafisha. Isitoshe dizeli inayobaki ndani inaipunguza nguvu oili mpya.

Liondoe taratibu. Mwaga oili ikiwa ya moto, weka filta mpya nzuri na oili ya uzito wa kitabu, endesha kilomita 1,000 bila kuikimbiza, mwaga tena na filta, kisha ya tatu baada ya 2,000 hivi. Ni gharama ndiyo, ila linganisha na bei ya injini. Kama tope ni jingi sana fundi ashushe sampu asafishe kichujio kwa mkono. Na kama rangi ya pale kwenye kifuniko ingekuwa ya maziwa ya kahawa ningekwambia usiiwashe tena mpaka gasketi na maji viangaliwe.

Makanika wangu ameniuzia chupa ya dawa ya kuzuia moshi, unamwaga kwenye oili. Probox imeacha kutoa moshi kabisa! Ni sawa? (Mombasa)

Nyingi ya hizo zinaifanya oili iwe nzito tu, moshi unajificha kwa muda na ringi zinaendelea kulika. Nyie mnaoenda kununua gari mkononi, chomoa stiki, ukikuta oili inavutika kama asali na gari ni ndogo ya VVT-i, jiulize mwenye gari anaficha nini.

Nitajuaje oili feki? (Mbeya)

Rangi na harufu zisikudanganye, hata oili iliyotumika ikichujwa inaweza kung'aa. Angalia pete ya kifuniko kama haijawahi kukatwa, namba ya toleo kama imechapwa kwenye chupa yenyewe na haifutiki kwa kidole, alama ya ubora ya TBS, na bei, maana lita nne zikiuzwa nusu ya bei ya wakala kuna kitu hapo. Nunua kwa wakala halafu uwepo wakati inamiminwa. Chupa tupu usiiache gereji ikiwa nzima, kuna watu wanazinunua kwa ajili ya kujazia, itoboe chini kwa bisibisi ndipo uitupe.