Farasi Amekutwa na Dawa Iliyokatazwa: Dhambi ya Mkufunzi au ya Saisi?

SWALI:

Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni saisi, kwetu ni Malindi, nafanya kazi kwenye mabanda ya farasi wa mbio katika nchi moja ya Ghuba. Mwezi wa Shaaban farasi ninayemhudumia alishinda, lakini kipimo cha mkojo kikaonyesha tramadoli, dawa ya maumivu. Ushindi ukafutwa, mkufunzi akatozwa faini, na Msudani niliyekuwa nikipokezana naye zamu akafukuzwa kwa kushukiwa tu. Sheikh, tramadoli nilikuwa nikimeza mimi. Niliandikiwa na daktari wa kliniki baada ya kupigwa teke la nyonga. Na usiku, kwa kuwa choo kiko mbali, nilikuwa nikikojoa kwenye majani humo humo bandani. Bango la kukataza lipo mlangoni, tunalipita kila siku. Mpaka leo nimenyamaza. Kanuni zinasema mwenye jukumu ni mkufunzi. Je, hiyo inaniondolea mimi dhambi? Na nikisema nitafukuzwa, na nyumbani wananitegemea.

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake.

Ndugu yetu, swali lako ni moja lakini ndani yake yamo matatu: ushindi ni wa nani, nani alipe, na nani mwenye dhambi. Majibu yake hayafanani.

La ushindi ni jepesi. Mbio za farasi zina asili katika Sunna. Ibn Umar (radhi za Allah ziwe juu yake) ameeleza kuwa Mtume (rehema na amani zimshukie) aliwashindanisha farasi waliofundishwa kuanzia Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, mahali karibu na Madina, na wasiofundishwa kuanzia hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq, na yeye mwenyewe Ibn Umar alikuwa miongoni mwa waliokimbiza. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Na katika hadithi ya Imran bin Huswayn kwa Abu Daud imekatazwa *jalab* na *janab* katika mbio. Maulamaa wamefafanua: ya kwanza ni kumweka mtu nyuma ya farasi wako ampigie makelele ili akaze mwendo, ya pili ni kuandamana na farasi wa akiba, wa kwanza akichoka uhamie kwa wa pili. Ikiwa makelele tu yamekatazwa, seuze dawa iliyomo mwilini!

Kwa hiyo ushindi huo haukuwa ushindi, awe mtu alikusudia au hakukusudia. Walioshindwa walikimbiza farasi wasio na kitu, na haki yao haipotei kwa sababu ninyi hamkujua. Mwaka 2014 huko Ascot, Uingereza, farasi jike wa Malkia Elizabeth aitwaye Estimate alishika nafasi ya pili katika Gold Cup, kisha akakutwa na mofini, dawa kali ya maumivu. Ilibainika imetokana na chakula kilichochanganyika na mmea wa afyuni. Hakuna aliyemdunga, na bado nafasi ilifutwa. Umalkia haukusaidia kitu.

Sasa mkufunzi. Wengi huona ni dhulma mtu kuadhibiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na huisoma aya: *"Na habebi mbebaji mzigo wa mwingine"* (Al-An'aam: 164). Aya ni ya haki, lakini inazungumzia dhambi. Kulipa ni mlango mwingine. Huoni kwamba mtu akiua kwa bahati mbaya, diya, yaani fidia ya damu, hulipwa na jamaa zake, na hakuna asemaye kuwa jamaa hao ni wauaji?

Kanuni ya kumbana mkufunzi ni ya siku nyingi katika nchi za mbio, na huko Marekani kanuni hiyo imo katika utaratibu wa taifa zima uliotokana na sheria ya mwaka 2020. Watu wanaikumbuka zaidi kwa kisa cha Medina Spirit, farasi wa tajiri wa Kisaudia, aliyeshinda Kentucky Derby ya 2021 kisha akakutwa na betamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, pikogramu 21 kwa mililita ya damu, kiasi kidogo mno. Mkufunzi wake, Bob Baffert, alisema ilikuwa dawa ya kupaka kwa ajili ya ugonjwa wa ngozi. Haikumfaa. Alisimamishwa siku 90 na kutozwa faini ya dola 7,500, na Februari 2022 ushindi ukapewa Mandaloun, farasi aliyekuwa wa pili.

Je, fiqhi inalijua jambo la namna hii? Inalijua vizuri. Mafundi wa Madina na Kufa walikuwa wakipokea nguo na mali za watu, na kitu kikipotea husema "sikuhusika". Imepokewa kuwa Sayyidna Ali (radhi za Allah ziwe juu yake) aliwalipisha, akasema: *"Hayawatengenei watu mambo ila kwa hivi."* Sisi Mashafi, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi ni mwaminifu, halipi mpaka ithibiti alizembea. Lakini Rabi', mwanafunzi wa Imam Shafi, amesimulia kuwa Imam aliiona kauli hii na hakuwa akiitangaza, kwa kuchelea mafundi wabovu. Mimi kila nikilisoma neno hili hucheka kidogo, kwani Imam aliwajua watu. Mkufunzi naye hupokea farasi wa matajiri tofauti, ana funguo, ana watumishi, na mwenye farasi hayupo usiku. Tena aliichukua leseni akijua masharti, na Waislamu wako juu ya masharti yao. Basi faini ni halali kwake kuibeba. Ila faini hiyo si ushahidi kwamba ni mlaghai, na asiyejua kitu haandikiwi dhambi.

Anayeandikiwa ni aliyekusudia, kama yule mkufunzi wa Godolphin, mabanda ya farasi wa mbio ya mtawala wa Dubai, kule Newmarket, Uingereza, Mahmood Al Zarooni, aliyekiri mwaka 2013 kuwapa farasi dawa za kujenga misuli akafungiwa miaka minane. Hapo inaingia hadithi ya Muslim: *"Mwenye kutughushi si katika sisi."* Na lau mkufunzi angekupa wewe sindano, usingeweza kusema "nilitumwa", maana hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Mwenye farasi naye asijitoe: zawadi ingekuwa yake, na hasara iko kwake.

Tuje kwako. Kabla ya majibu ya kipimo hukughushi. Allah amesema: *"Wala si lawama juu yenu kwa mlivyokosea, lakini ipo katika yale ziliyoyakusudia nyoyo zenu"* (Al-Ahzaab: 33:5). Lakini ulizembea. Bango liko mlangoni, na bango hilo limewekwa kwa sababu hii hasa: farasi hula majani anayolalia, na dawa hutoka na mkojo wa mtu. Kwa uzembe huo mkufunzi ana haki ya kukudai kiasi cha faini aliyotoa, au akusamehe. Zawadi ya mbio hudaiwi, kwa sababu haikuwa mali yao ukaiharibu.

Kinachonitia hofu juu yako ni siku zilizofuata. Kuna Muislamu mwenzako amefukuzwa kazi na jina limechafuka, na mwenye kujua kuwa hana kosa ni wewe peke yako. Wafasiri wametaja kuwa aya za Suratun Nisaa, kuanzia ya 105, ziliteremka kumsafisha Myahudi aliyesingiziwa wizi wa deraya, vazi la chuma la vita, mjini Madina. Wewe hukumsingizia Msudani, ni kweli. Ila unamwona amebeba mzigo wako na umenyamaza, na kila siku inayopita umbali kati yako na aliyesingizia unapungua. Kuogopa kufukuzwa hakukuhalalishii mwenzako afukuzwe badala yako. Naye ana nyumbani kwao.

Fanya hivi. Tafuta cheti cha kliniki na karatasi ya dawa. Nchi nyingi za Ghuba zina sheria kali juu ya tramadoli, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Muoneshe kwanza mtu mwaminifu anayejua sheria za huko, au ubalozi wako, lakini lisiwe jambo la kuahirisha miezi. Kisha mwendee mkufunzi umweleze. Maelezo yako yanaweza kumfaa hata yeye, kwani asili ya dawa ikithibiti, wasimamizi wengi wa mbio hupunguza adhabu. Msudani mtafute, umuombe radhi kwa kinywa chako, na ulichonacho umpe kwa mshahara alioukosa ulipokuwa umenyamaza. Mtume (rehema na amani zimshukie) amesema aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu chochote ajikomboe leo, kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu (Bukhari).

Kama ulipewa bakhshishi kutoka katika zawadi ya ushindi ule, irejeshe. Ikiwa mwenye farasi alikupa kutoka mfukoni mwake, mwambie, na uamuzi ni wake.

Na ikiwa nyonga bado inauma na dawa unaendelea nayo, mwarifu daktari wa mifugo wa banda leo hii, kabla farasi hajaandikishwa kwa mbio nyingine.

Wallahu a'lam.