Kopi ya NIDA unayoiacha steshenari na dole gumba unaloweka mara mbili

Mimi nina steshenari ya kawaida tu huku Dar, mashine ya kutoa kopi, kompyuta, printa inayogoma ikijisikia, na wateja wangu wengi ni wale wa kuomba ajira, mikopo ya chuo, TIN (namba ya mlipakodi), vyeti vya kuzaliwa na mambo kama hayo. Kwa hiyo vitambulisho vya watu, hasa vile vya taifa tunavyoviita NIDA, vinapita mikononi mwangu kutwa nzima, na nikisikia watu wanaongelea wizi wa utambulisho wakataja wadukuzi wa Urusi sijui wapi huko huwa nacheka, maana kwa ninavyoona tapeli wa hapa kwetu hana haja ya kudukua kitu. Anaokota.

Hujui watu wanaacha nini dukani. Kitambulisho chenyewe kinabaki kwenye kioo cha mashine, mtu kashika kopi zake kaondoka. Kopi iliyotoka na weusi anaikataa, anasema hii siitaki, haya hiyo karatasi inaenda wapi? Kuna maduka karatasi mbovu zinarundikwa zikija kuishia kufungia bagia na karanga, na ukigeuza unaona jina la mtu, picha, namba, saini. Mwingine anafungua wasap yake kwenye kompyuta ya duka ili aprinti barua, akimaliza analipa anaenda zake, wasap ipo wazi na mteja anayefuata anakaa kwenye kiti hichohicho. Mimi nachana na nafuta, lakini ndugu yangu wewe hunijui, na huyo kijana anayenishikia duka nikienda sokoni humjui kabisa.

Kwa hiyo ukija kwetu ondoka na kila karatasi yenye jina lako hata ile mbovu, ukituma faili kwa wasap ya duka simama hapohapo uone inafutwa, na usione aibu, mwenye duka muungwana hawezi kukasirika. Halafu kwenye kopi ya kitambulisho andika kwa peni pembeni inaenda wapi na tarehe, mfano "kwa maombi ya pango tu" na mwezi na mwaka. Usifunike picha wala namba maana ofisi zingine zitakurudisha, ila maandishi yawe karibu kiasi kwamba mtu hawezi kuyakata kwa mkasi. Dalali anayekuonyesha chumba hahitaji kopi ya NIDA yako kabla hujakubaliana na mwenye nyumba, huyo mpe salamu tu.

Kuna kitu kingine wengi hawakiangalii. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka kwanza, mwezi, siku. Sasa jiulize PIN ya hela kwenye simu yako ni ngapi, kama ni mwaka wako wa kuzaliwa basi kila uliyempa kopi umempa na PIN, na anayeiba simu pamoja na pochi yenye kitambulisho hatakaa sana kukisia. Badilisha leo, na usihamie mwaka wa mtoto maana huo upo kwenye cheti chake cha kuzaliwa na hicho nacho unakuja kukitolea kopi.

Haya tuje kwenye laini, hapa ndipo watu wanapoumia kweli. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, watu wakaamini wizi umekwisha kwa sababu kidole hakighushiwi. Kidole hakighushiwi ndio, ila kinakopwa. Unaenda kwa kijana wa mwavuli pale stendi unataka laini mpya, unampa namba ya NIDA, unaweka dole gumba, anakwambia haijasoma weka tena, haijasoma jaribu kingine, unaweka, laini inatoka unafurahi. Moja ya hizo "haijasoma" inaweza kuwa imesoma vizuri tu na imesajili laini nyingine kwa jina lako, ambayo itauzwa kwa mtu usiyemjua. Sisemi vijana wote wa laini ni wezi, wengi wanahangaikia ugali kama mimi, na kweli vidole vinagoma, fundi ujenzi, mkulima, wazee, alama zimefutika kwa kazi. Ndio maana huwezi kujua kwa kuangalia tu. Omba uone kioo cha kifaa chake kila unapoweka kidole, na kama unaweza nenda duka lenyewe la mtandao badala ya mwavuli.

Na kabla hujaondoka hapo bonyeza *106#. Ni menyu ya usajili, fuata maelekezo hadi uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, na usiishie mtandao mmoja, kagua na ile mingine hata kama hujawahi kuitumia, maana laini ya wizi mara nyingi inasajiliwa mtandao ambao mwenye jina hayupo. Ukikuta namba huijui nenda duka la mtandao huo na kitambulisho uikane, waifunge. Nina mteja wangu mama muuza mchele, alikuja nimchapie barua ya maelezo kwa sababu aliitwa kituo cha polisi kuhusu namba iliyotapeli watu, namba yenyewe hajawahi kuiona ila jina ni lake herufi kwa herufi. Mama wa watu anatetemeka ananiuliza nianze na Yah au nianze na shikamoo.

Wale wanaopiga wakajitambulisha huduma kwa wateja nao wana ujanja mmoja unaowapa watu imani, wanataja majina yako yote matatu. Mtu anasema sasa huyu asingekuwa wa kampuni angejuaje jina langu? Jamani, mtu yeyote akianza kukutumia hela jina lako linamjia kwenye simu kabla hajathibitisha, analisoma, anaghairi, hajatumia hata shilingi. Jina sio siri. Huduma kwa wateja ya kweli inakupigia kwa namba 100, akikupigia mwingine kwa namba ya kawaida eti laini yako inafungwa bonyeza hiki bonyeza kile, kata. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" usijibizane nazo, peleka namba ya tapeli kwenda 15040.

Wasap nayo ina tarakimu 6 zinazokuja kwa meseji, ukimpa mtu akaunti imeenda, na kesho yake ndugu zako wanaombwa laki mbili za haraka kwa jina lako na picha yako, shangazi anatuma bila hata kupiga simu. Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio, ni dakika chache.

La mwisho ni mtandao kupotea ghafla. Kama simu imekosa mtandao na wenzako wa mtandao huohuo pembeni wanaongea vizuri, usikae unazima na kuwasha simu hadi jioni ukisema minara inasumbua. Inawezekana laini yako imerudishwa kwenye kadi nyingine na mtu anasoma meseji zako za benki muda huo. Azima simu ya mwenzako wa mtandao huohuo piga 100 wafunge laini, kisha piga benki, kisha ndio utafute bodaboda ikupeleke dukani kwao na kitambulisho chako halisi. Kopi hawaitaki.