Je, Tununue Gemu Ambayo Bado Inatengenezwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tumekuwa tukiweka fedha kidogo kidogo tangu mwezi wa Ramadhani ili tununue gemu ya kompyuta ya kujenga makazi na kuishi porini, ambayo katika duka la mtandaoni la Steam inauzwa dola 20, yaani kama shilingi 50,000 za hapa kwetu. Tulipotaka kulipa tukakuta kisanduku cha rangi ya buluu kinachotahadharisha kwamba gemu hiyo haijakamilika, na kwamba huenda ikaendelea kubadilika au isibadilike tena. Mdogo wangu ananihimiza tulipe sasa kwa sababu bei itapanda ikikamilika. Mimi naogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tufanyeje?
Msomaji wa Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, ila mfano wa mbuzi hauendani sawasawa na biashara hii. Kwenye gunia mnyama hufichwa. Hapa muuzaji amemtoa nje, ukamwona kuwa ni mdogo na mbavu zake zinahesabika, kisha akakuahidi kwamba atanona akiwa tayari zizini kwako. Kwa hiyo la kujiuliza ni iwapo mbuzi huyo, kwa ukubwa alio nao leo, anastahili shilingi 50,000 zenu. Steam wenyewe, walioanzisha utaratibu huu wa kuuza gemu ambazo hazijakamilika Machi 2013, huwaambia wanunuzi katika kisanduku hichohicho kwamba kama hali ya sasa ya gemu haiwavutii, ni heri wasubiri.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa gemu mbili zenye jina moja. Kerbal Space Program, ambayo mchezaji huunda roketi na kuzirusha angani, ilitengenezwa na kampuni ya Squad ya nchini Mexico, ikauzwa kwa miaka kadhaa ikiwa nusunusu, na ilipofikia toleo la 1.0, yaani toleo kamili, mwezi Aprili 2015 walioinunua mapema walikuwa wamekwisha kuifaidi kwa mamia ya saa. Mwendelezo wake, Kerbal Space Program 2, ulitolewa Februari 2023 kwa takriban dola 50, ukiwa na hitilafu nyingi na ukienda kwa kusuasua hata kwenye kompyuta za bei kubwa, huku wanunuzi wakiahidiwa makoloni, safari za kwenda kwenye nyota nyingine na uwezo wa kucheza watu wengi pamoja. Mwaka 2024 timu iliyokuwa ikiutengeneza huko Seattle, Marekani, ilivunjwa kabla ahadi hizo tatu hazijatimizwa. Jina lilikuwa lilelile na wapenzi walewale. Tofauti ni kwamba gemu ya kwanza ilichezeka vizuri hata ilipokuwa changa, ilhali ya pili iliuza zaidi mambo yajayo.

Yapo na mabaya kuliko hayo. Gemu ya The Day Before ilitoka tarehe 7 Desemba 2023 kwa takriban dola 40, na siku nne baadaye kampuni iliyoitengeneza, Fntastic, ikatangaza kwamba inafunga shughuli zake. Bahati nzuri wanunuzi walirudishiwa fedha zao, lakini hilo si jambo la kulitegemea.

Hoja ya mdogo wako kuhusu bei ina ukweli kidogo. Gemu ya Hades, iliyouzwa nayo ikiwa changa, ilipanda kutoka dola 20 hadi 25 ilipokamilika mwaka 2020, na tofauti ya namna hiyo mara nyingi hufutwa na punguzo la msimu. Baldur's Gate 3, kwa upande mwingine, iliuzwa dola 60 Oktoba 2020 ikiwa na sehemu ya kwanza tu ya hadithi yake, na ilipotoka kamili Agosti 2023 bei ilikuwa ileile. Aliyesubiri hakulipa hata senti ya ziada, wala hakupoteza kitu, kwa maana michezo iliyohifadhiwa katika toleo la awali haikuweza kuendelezwa katika toleo kamili.

Hapo pananikumbusha yaliyonipata. Niliwahi kununua gemu changa ya kujenga miji, nikajenga mji wenye bandari na reli kwa muda wa wiki sita, usiku baada ya usiku. Asubuhi moja likaingia sasisho lililokula bando langu lote la wiki, na nilipofungua mji wangu nikakuta ujumbe mfupi kwamba faili hilo ni la toleo la zamani. (Mke wangu, aliyekuwa amenisikiliza nikiusifia mji huo kila siku, alicheka mpaka akakaa chini.) Sikudai fedha zangu, kwa kuwa zile wiki sita nilizifurahia; lakini tangu siku hiyo bando huliingiza katika hesabu ya bei.

Kwa gemu yenu, basi, nenda chini kwenye ukurasa wake ukaangalie tarehe za masasisho: yakiwa yanakuja kila baada ya wiki chache, kazi inaendelea; kama la mwisho ni la mwaka jana, msinunue, bakini na fedha zenu. Soma maoni ya siku za karibuni badala ya yale ya zamani, na utazame video ya mtu anayeicheza kwenye kompyuta inayofanana na yenu. Gemu ya Valheim, iliyotoka Februari 2021 ikihitaji GB 1 tu ya nafasi, ilitosheleza watu tangu wiki ya kwanza, hivyo zipo changa zinazostahili.

Mkiridhika, lipieni siku ambayo nyote wawili mna nafasi. Steam hurudisha fedha ikiwa ombi limefika ndani ya siku 14 na gemu haijachezwa kwa saa 2, kwa hiyo ile saa ya kwanza itumieni kujaribu yale yanayowapa wasiwasi: kama inakwama, kama inahifadhi mchezo ipasavyo, kama inafunguka intaneti ikiwa imezimwa. Saa hizo 2 huhesabiwa hata gemu ikiachwa wazi mkiwa mezani mnakula.